Juhudi peke yake haitoshi jamani

Kuna mwandishi kaandika kwamba mtoto wa maskini akikaza buti shuleni anatoboa, mi hapo nakataa. Ni kweli hapa Tanzania ada ya sekondari za serikali ilifutwa 2016, na fomu faivu na siksi 2022, tunashukuru sana, ila angalieni darasani sasa, mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, kasoma msingi yote kwa Kiswahili halafu fomu wani ghafla masomo karibu yote Kiingereza, mwenzake wa inglishi midiamu kashazoea toka chekechea. Binti yangu la saba alikuwa anaongoza, leo anakariri notsi za baiolojia neno kwa neno haelewi kitu, mwalimu akimuuliza anainamisha kichwa. Huyo ni mvivu? Wenye hela wanalipia tuisheni, sie mama lishe tutoe wapi? Pelekeni walimu wa kutosha shule za kata kwanza ndo mtuambie habari za juhudi