Kocha hajasema kitu, aliyesema ni msemaji

Simba au Yanga ikileta kocha mpya, simu za sisi tunaoishi Uingereza hujaa sauti za WhatsApp kutoka Dar kabla mgeni hajagongewa mhuri pale Terminal 3 ya uwanja wa ndege. "Huyu mwalimu kweli kweli." "Huyu mganga njaa tu." Klabu ya huku nayo ikibadilisha kocha, watu huambizana yaleyale kazini kwenye foleni ya chai. Kwa hiyo nikisoma Watanzania wenzangu wa ughaibuni wakiandika kwamba shabiki wa Kariakoo, yaani wa Simba na Yanga, anahukumu kwa mihemko na Mzungu anahukumu kwa hoja, nakataa. Wote wanaanza na sura. Ila huku wanatazama sura ya kocha mwenyewe, na nyumbani tunatazama sura ya msemaji wa klabu halafu tunamsomea kocha hukumu.

Kocha wa Ligi Kuu ya England hana pa kujificha. Siku moja au mbili kabla ya kila mechi anakaa mbele ya waandishi. Siku ya mechi anaongea na runinga kabla na baada, kisha redio, kisha anarudi tena chumba cha waandishi. Ligi ina mechi 38. Zidisha hata mara tatu tu, tayari umemsikia zaidi ya mara mia, bado vikombe. Shabiki wa huku anajua kocha wake akikasirika anakunja uso vipi, na akidanganya kuhusu majeruhi anatazama wapi.

Sasa usidhani hilo linawafanya wawe waamuzi bora. Mwaka 2018 Unai Emery aliiongoza Arsenal mechi 22 mfululizo bila kufungwa, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni jinsi alivyotamka "habari za jioni" kwa Kiingereza. Novemba 2019 akatimuliwa. Alipochukua Aston Villa mwaka 2022 lafudhi ilikuwa ileile. Msimu wa 2023/24 akamaliza wa nne, akaipeleka Villa Ligi ya Mabingwa, na ghafla hakuna aliyeona shida na lafudhi. Upande wa pili yupo Ange Postecoglou, sauti nzito, utani mkavu, maneno ya mtu wa kijiweni. Mechi zake kumi za kwanza za ligi pale Tottenham mwaka 2023 alivuna pointi 26, mashabiki wakamtungia wimbo. Msimu uliofuata alimaliza nafasi ya 17, akachukua Europa League, na wiki mbili baadaye akafukuzwa. Ukimuuliza shabiki wa Tottenham kama zile pointi 26 zilikuwa dalili ya kweli au mvua za mwanzo, jiandae kukaa.

Nyumbani kocha tunamsikia kwa kijiko. Anaongea siku moja kabla ya mechi, pembeni yake mchezaji mmoja, halafu dakika chache baada ya filimbi ya mwisho. Kama anaongea Kifaransa au Kireno, katikati yupo mkalimani. Tazama vizuri siku moja. Kocha anaongea dakika nzima, anachora kwa mikono, anaonyesha kushoto, anaonyesha nyuma ya mabeki, anataja namba. Mkalimani anasubiri amalize, anakohoa, anasema, "Kocha anasema tumejiandaa vizuri, mchezo utakuwa mgumu." Maelezo yote ya jinsi anavyotaka kukabia juu, yaani kumkaba mpinzani kwenye nusu yake, yamebaki hewani pale mezani.

Pengo hilo linazibwa na msemaji. Watu kama Ahmed Ally upande wa Msimbazi (Simba) na Ally Kamwe upande wa Jangwani (Yanga) wanajulikana kuliko nusu ya kikosi, na si bahati mbaya. Kazi yao ya kwanza ni kujaza uwanja. Benjamin Mkapa inachukua watu 60,000, na huwezi kuwatoa watu Mbagala, Buza na Gongo la Mboto siku ya kazi kwa kuwaambia tutajaribu kupata sare. Kwa hiyo kunakuwa na hamasa, msafara wa magari, matarumbeta, na ahadi. Nawaheshimu sana kwa ufundi huo. Klabu nyingi za huku zina idara nzima ya mawasiliano isiyoweza kuuza hata nusu ya kile wanachouza wao kwa kipaza sauti kimoja. Na maneno hayana uzalendo: Haji Manara alikuwa msemaji wa Simba, mwaka 2021 akahamia Yanga, na hamasa ikaendelea kama kawaida kwa rangi nyingine.

Tatizo linaanza pale ahadi ya kuuza tiketi inapoandikwa kwenye jina la kocha. Mgeni anatua, anavishwa skafu, anafundishwa kusema "Nguvu moja" au "Daima mbele, nyuma mwiko", anarudia kwa shida, watu wanashangilia. Kesho yake vichwa vya habari vinasema kocha ameahidi ubingwa. Kocha hajaahidi kitu. Hajui hata winga wake wa kushoto anatumia mguu gani. Huku nako ugonjwa huo upo ila unaletwa na mashabiki wenyewe: Manchester United walimtundikia David Moyes bango pale Old Trafford wakimwita Mteule, kwa sababu tu kocha aliyemtangulia, Ferguson, alimchagua. Alipewa mkataba wa miaka sita, hakumaliza hata msimu mmoja.

Tukija kwa ushahidi wa karibuni wa Dar, hukumu zetu za mwanzo zina rekodi mbaya. Fadlu Davids alifika Simba katikati ya 2024 akiwa ametoka kuwa msaidizi pale Raja Casablanca, na mechi yake ya kwanza ya mashindano ilikuwa Yanga, Agosti 8, nusu fainali ya Ngao ya Jamii. Akafungwa 1-0. Kwa kipimo cha kijiweni alishakwisha siku hiyo. Mei 2025 alikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Sead Ramovic alianza Yanga Novemba 2024, na Ligi ya Mabingwa Afrika ikampokea kwa kichapo cha 2-0 kutoka Al Hilal ya Sudan kwa Mkapa, kisha 2-0 nyingine ugenini kwa MC Alger. Baadaye mji mzima ukawa unaimba "gusa, achia, twende kwao", na kwangu mimi hiyo ni kauli bora ya mashabiki kwa miaka mingi kwa sababu ilieleza kitu kinachoonekana uwanjani. Hakutimiza miezi mitatu, akaenda zake Algeria. Na aliyemtangulia, Miguel Gamondi, ndiye aliyemfunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023. Agosti 2024 timu yake iliichapa Vital'O ya Burundi jumla ya 10-0. Novemba ya mwaka huohuo, baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United mfululizo, alifungashiwa virago.

Hiyo 10-0 naitaja makusudi. Raundi za awali za CAF, yaani mashindano ya klabu za Afrika, ndizo zinazopotosha kuliko kitu chochote, kwa sababu zinakuja mwanzoni mwa msimu, wakati ule ule tunapotaka kumjua kocha. Mabao sita dhidi ya timu ambayo haijafanya maandalizi hayakuambii kitu. Weka pembeni.

Kitu cha kutazama ni goli kiki. Tangu sheria ibadilike mwaka 2019, beki anaruhusiwa kupokea mpira ndani ya boksi lake, kwa hiyo goli kiki ni mojawapo ya sehemu ambapo kocha anapanga watu wake kama kete, mpira umesimama, na wewe una sekunde kumi za kusoma. Tazama namba nne na tano, mabeki wa kati, wamesimama wapi. Wakiachana hadi pembeni mwa boksi na namba sita, kiungo wa ulinzi, akashuka kuomba, kocha anataka kujenga kutoka nyuma. Halafu usitazame pasi ya kwanza, itazame ya tatu. Pasi ya kwanza inafundishwa kwa siku mbili, ya tatu inachukua wiki nyingi, kwa sababu inahitaji winga na namba nane, kiungo wa kati, wawe wameshahama kabla mpira haujafika. Kama mechi ya kwanza pasi ya tatu inapotea, na mechi ya sita inafika, huyo kocha anafundisha. Kama mechi ya sita kipa bado anageuka na kubutua baada ya pasi mbili, basi ama wachezaji hawamwelewi, ama hamna namba sita wa kazi hiyo. Hilo la pili ni la waliosajili.

Lakini lazima ujue mechi inachezwa wapi, na hapa ndipo mtu wa huku hawezi kutusaidia. England uwanja wa timu ya mwisho na ya kwanza unafanana kama meza ya pool. Kwetu leo uko kwa Mkapa, wiki ijayo uko Sokoine pale Mbeya au Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, mpira unadunda pasipotakiwa, beki anaupokea kwa goti, na jukwaa zima linapiga kelele "piga mbele!" Kocha mwenye akili anabadilisha mpango siku hiyo: mpira mrefu kwa namba tisa, mshambuliaji wa kati, na viungo wawili chini yake kuokota mpira wa pili. Vijiweni ataambiwa amesaliti falsafa. Mimi ningempa alama za juu kuliko yule anayelazimisha pasi fupi kwenye uwanja wenye matuta kisha analaumu nyasi.

Mengine ni mepesi. Timu ikipoteza mpira, hesabu moja hadi sita: wanaukimbilia kwa pamoja au mmoja anakimbia na wengine wanamtazama? Mmoja akikimbia peke yake, kukabia juu bado ni maneno ya karatasi. Kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, mchezo ukisimamishwa mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Kocha mgeni wa joto la Dar hujulikana dakika ya 60. Timu inayokaba kwa nguvu jioni yenye unyevu lazima izime, sasa je, anaingiza miguu mipya kabla ya kuzima au anasubiri afungwe kwanza? Kosa hilo moja limewamaliza wengi waliotoka nchi za baridi.

Na msimamo wa ligi, tafadhali, usome ukiwa na hesabu ya viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, mkononi. Huku mtu anaweza kusema "baada ya mechi kumi" na kila timu ikawa imecheza kumi au tisa. Kwetu ligi inapishana na CAF, na timu ya taifa, na mengineyo. Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 haikuchezwa mpaka Juni 25. Kocha anaweza kuonekana wa tatu kumbe ana viporo vitatu, au akaonekana kinara kwa sababu wenzake wako angani wanaelekea Algiers. Gawa pointi kwa mechi alizocheza, inatosha, simu yako ina kikokotoo.

Wasifu nao usisome majina ya klabu, soma miezi. Klabu kumi kwa miaka saba, hakuna hata moja aliyovuka mwaka, si uzoefu bali tiketi za ndege. Na ule usaidizi tunaoudharau mara nyingi ndio shule yenyewe: msaidizi ndiye anayeendesha mazoezi ya kila siku.

Kitu kimoja ambacho watu wa nyumbani hawajui ni kwamba wao ndio wenye bahati. Uingereza mechi za Jumamosi saa 9 alasiri hazionyeshwi moja kwa moja kwenye runinga ya nchi hiyo, kuanzia saa 8:45 hadi 11:15 jioni ni giza. Mtu wa Leeds asiye na tiketi anasikiliza redio, wakati kwenye banda umiza, kibanda cha kuonyesha mpira, la Tandika mechi hiyohiyo inaonekana kwa bei ya kashata mbili tatu na kahawa. Tiketi ya ugenini ya ligi imewekewa kikomo cha pauni 30, na hiyo ndiyo inayoitwa nafuu, tiketi ya mechi ya uwanja wa nyumbani huwa ghali zaidi. Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, kwa Mkapa mara nyingi unalipa elfu tano au pungufu. Na kwa kusoma kocha, mzunguko ni bora kuliko VIP. Ukikaa chini karibu na benchi unaona jasho la kocha, ambalo tayari umeshaliona Instagram. Ukipanda juu nyuma ya goli unaona mstari wa mabeki wote wanne, unaona namba sita anavyopwaya, unaona winga anavyochelewa kurudi. Runinga haikuonyeshi hivyo, inafuata mpira. Msemaji naye yuko chini huko, mgongo kwa uwanja, anawashangilisha watu.