Nduru: Warudi Ufuoni au Wabaki Juu?

Mwaka 2020 Ziwa Victoria liliingia Nduru, kijiji cha wavuvi huko Nyakach, kaunti ya Kisumu, likawafukuza watu majumbani. Kijiji hicho kilikuwa kimevuma hadi ng'ambo, maana tangu 2011 wanawake wake walianza kumiliki mashua ili waachane na jaboya, ule mtindo wa mchuuzi kulazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Ufuo kama huu ufufuliwe, au watu wakae kabisa huko juu walikokimbilia? Ninazielewa pande zote mbili, ila hazina uzito sawa.

Anayetaka kurudi anaijua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Inatoka majini alfajiri baada ya usiku mzima wa kuvuliwa kwa taa, na asubuhi hiyo hiyo ni lazima ianikwe juu ya nyavu kuukuu, igeuzwegeuzwe, ifukuziwe kuku, huku jicho moja likitazama mawingu. Ikinyeshewa kabla ya kukauka inaharibika, na gorogoro, lile kopo la kupimia, iliyokuwa ya kitoweo inaenda kwa wenye kutengeneza chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa. Mama anayelala mbali na ziwa anafika samaki wakiwa wameshagawanywa. Atabembeleza. Na kwenye kubembeleza ndiko jaboya inakorudia. Hili linaniuma, kwa sababu mipango ya kuwahamisha watu huhesabu mabati na vyoo, lakini saa ya mashua kutia nanga haihesabiwi.

Anayepinga naye hatungi. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakapita kidogo ile rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Kwa hiyo ziwa lilishawahi kupanda hivyo, likashuka, watu wakajenga tena palepale. Nani atamwambia mama wa watoto wanne ajenge tena? Choo kikizama kisima nacho kimeharibika, na kipindupindu hakiko mbali. Viboko nao hupenda mabwawa yanayoachwa na mafuriko.

Tena uvuvi wenyewe umedhoofika. Gugu maji huifunga Ghuba ya Winam, upande wa ziwa ulioko Kenya, kwa wiki nyingi, na uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili izaane. Wapo wanaosema vizimba vya kufugia samaki ziwani vitaziba pengo hilo. Sina imani sana: kizimba kinataka mtaji wa chakula kila siku, na maji yakikosa hewa samaki wote wanaweza kufa usiku mmoja.

Kwa maoni yangu, nyumba, shule na zahanati zibaki juu, na ufuo urudi kama mahali pa kazi: vichanja vya kuanikia vinavyoweza kuhamishwa maji yakipanda, stoo ndogo, choo, na gari au pikipiki za kuwashusha akina mama saa kumi usiku. Mashua ziandikwe kwa majina yao kwenye daftari la kamati ya ufuo. Na fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo, kwa kuwa mashua ya mbao huvuja na kuoza. Mfadhili aliyetoa mashua akishaondoka na mbao zikifumuka, mwenye mashua anarudi kuwa mnunuzi wa kawaida mbele ya yule yule mvuvi.