Kamongo Mwenye Tai

Picha za zamani za mtaa wetu hapa Kondele, Kisumu, zilijaa kwenye kompyuta bila neno hata moja la kuzitafutia. Nani atakaa aziandikie bure? Tukaunda mchezo wa mtandaoni kwa mtindo alioanzisha Luis von Ahn wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 2003. Watu wawili wasiojuana wanaonyeshwa picha ileile, kila mmoja anaandika yanayomjia, na neno wakikutana nalo wote wanapata alama, lenyewe linabandikwa kwenye picha. Raundi moja, picha 15, dakika 2 na nusu. Mshindi wa wiki, kredi ya simu.

Kredi ndiyo iliyoleta balaa. Vijana wawili walijibanza sayba moja, yaani duka la intaneti, viti vimegusana, usiku ambapo hakuna mchezaji mwingine. Programu humpa mtu mwenzake kwa bahati nasibu, lakini mkiwa wawili tu, bahati nasibu gani? Wakapatana: kila picha, "samaki". Harusi, samaki. Treni, samaki. Kwaya ya kina mama, samaki.

Kinga ipo: neno likishakubaliwa linakuwa mwiko kwa picha hiyo, ili watu watafute mengine. Nao wakayatafuta, ziwani. "Samaki" ilipofungwa wakaingia "ngege", halafu "mbuta", "fulu", "omena"...

Asubuhi mzee aliyetupa picha zake kwa moyo mkunjufu akaja kukagua kazi.

"Nitafutie yule kamongo niliyemvua ziwani, Dunga."

Nikaandika "kamongo". Ikatokea picha yake mwenyewe: suti ya kijivu, tai pana, mkono kiunoni.

Nikamweleza upesi dawa yake. Unachanganya picha za mtego ambazo majibu yake tayari unayajua. Anayezikosa, maneno yake yote yanatupwa. Wachezaji unawasubirisha kidogo wajae ndipo uwapange, na wanaotumia intaneti ya sayba moja usiwakutanishe kamwe. Akija mtu peke yake, mchezeshe na majibu yaliyohifadhiwa ya mtu wa jana. Huyo hawezi kupatana naye.

Mzee alisikiliza yote, macho kwenye suti.

"Kuyafuta kutachukua muda?"

"Kidogo, mzee. Mpaka kesho."

"Basi kijana wangu, kwa leo niandike hata mbuta."