Harriet Beecher Stowe: lawama zipi ni zake?

Marekani, kumwita mtu mweusi "Uncle Tom" ni kumtukana: kibaraka, mtu wa kujipendekeza kwa wazungu. Tusi hilo limemchafulia jina Harriet Beecher Stowe, mwandishi mzungu wa Uncle Tom's Cabin, riwaya ya kupinga utumwa wa watu weusi Marekani, kuliko hoja yoyote ya wahakiki. Lakini Tom wa kitabuni, mtumwa, anaamriwa na bwana wake Simon Legree amchape mtumwa mwenzake, mwanamke, naye anakataa. Mwishoni anapigwa hadi kufa kwa kuwa hataki kusema watumwa wawili waliotoroka, Cassy na Emmeline, wamejificha wapi. Kibaraka wa namna gani huyo?

Tom wa matusi alitengenezwa jukwaani. Sheria ya hakimiliki ya wakati ule haikumpa mwandishi mamlaka juu ya maigizo, basi vikundi vya tamthilia vilijichukulia hadithi bila kumlipa. Waigizaji weupe walijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wakaongeza nyimbo na vichekesho. Tom, ambaye kitabuni ni baba wa watoto wadogo mwenye kifua kipana, akageuzwa kizee cha mvi. Hata tafsiri ilimshinda Stowe: mwaka 1853 alimshtaki mchapishaji wa Philadelphia aliyetoa riwaya hiyo kwa Kijerumani bila idhini, akashindwa mahakamani. Hapo tumwondolee lawama.

Sifa yake kubwa iko kwenye shabaha. Sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ilimtoza faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6 yeyote aliyemficha mtoro. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Stowe alianza kuchapisha hadithi yake kwa mfululizo katika gazeti la The National Era Juni 1851. Kitabu kilipotoka Machi 1852, nakala kama 300,000 ziliuzwa Marekani katika mwaka wa kwanza.

Tazama anavyoishambulia sheria ile. Seneta Bird wa Ohio, aliyeunga mkono sheria ya namna hiyo, anamkuta jikoni kwake Eliza, mtumwa aliyetoroka na mtoto wake mdogo, amezimia, mguu umechanika kwa barafu ya mto aliouvuka. Mkewe anafungua droo yenye nguo za mtoto wao aliyefariki, anampa. Seneta mwenyewe anampeleka mtoro kwa gari la farasi usiku huohuo. Stowe alikuwa amempoteza mwanawe kwa kipindupindu mwaka 1849. Alijua droo ile ina uzito gani. Msomaji wa majimbo ya Kaskazini, kusikokuwa na utumwa, hakupewa hoja ya kubishana nayo, alipewa mtu mlangoni.

Udhaifu nao unatoka hapohapo. Ukimtegemea mzungu alie ndipo mtumwa aokoke, mtumwa anabaki kuwa wa kuhurumiwa. Mwandishi mweusi wa Marekani James Baldwin aliishambulia riwaya hii mwaka 1949 kwa kosa hilo la kuzidisha machozi, na kwa maoni yangu alikuwa na haki, ingawa alimsoma Tom kwa ukali kupita kiasi. Zito zaidi ni rangi. Eliza na mumewe George, wanaotoroka na kupigania uhuru, wana ngozi nyeupe kiasi cha kuweza kupita kama wazungu; uvumilivu ameachiwa Tom mweusi. Kisha George anahamia Liberia, Afrika, na familia yake, kana kwamba Marekani si kwao. Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na aliyekisifu kitabu, alimwandikia Stowe Machi 1853 kuwa watu weusi wako Marekani na huenda wakabaki hapo.

Riwaya yake ya 1856, Dred, inajibu nusu ya lawama: shujaa ni mweusi, ana silaha, anajificha kwenye kinamasi. Lakini anauawa kabla uasi haujaanza.

Kuhusu Harriet Jacobs sioni utetezi. Mama huyo, mtumwa aliyetoroka, alijificha karibu miaka 7 darini kwa bibi yake, kisha akaomba msaada wa Stowe ili kisa chake kiandikwe. Stowe alituma habari zile kwa mwajiri wa Jacobs azithibitishe, zikiwemo siri ambazo mwajiri hakuwahi kuambiwa, akapendekeza kukiingiza kisa katika A Key to Uncle Tom's Cabin, kitabu chake cha ushahidi cha 1853. Jacobs alikataa. Aliandika mwenyewe, na kitabu chake kilitoka mwaka 1861.