Kanga Sita Uani

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nimejipangia kulala hadi saa tatu ili kufidia juma zima la kusimama ndani ya daladala kati ya Goba na Kariakoo, niliamshwa na kelele kama za geti la chuma ambalo halijatiwa grisi tangu lilipochomelewa. Nilitoka na msuli nikakuta kanga sita, wenye madoa meupe na vipara vya buluu, wakikagua tuta langu la matembele kana kwamba wametumwa na halmashauri.

Nilirudi ndani kutoa taarifa. "Mama Zuhura, uani kuna kanga sita." Bila kufumbua macho akanijibu, "Zianue basi, mvua inakuja." Sikumlaumu, kwa kuwa neno sita halijui kufuata ngeli, wangekuwa watano, tungeelewana mara moja.

Ukuta wangu una vipande vya chupa juu, na umewahi kuwarudisha vibaka, lakini ndege hawa, ambao mchana hupenda kukimbia kuliko kuruka, jioni hupaa bila taabu hadi kwenye mwembe na kulala humo. Chini ya mwembe hulala kigari changu, ambacho kwa bei hii ya petroli hutoka Jumapili tu. Sitaeleza kinachokidondokea usiku. Asubuhi dume mmoja hujiona mlangoni pa gari, akadhani amepata mpinzani, na humdonoa kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa fundi yeyote niliyemlipa.

Ajabu ni kwamba tangu siku ya kwanza mtaa mzima umewaita "kanga wako". Jirani wa kushoto alinijia na sufuria, akashauri kwamba kanga huhitaji nazi nzito na moto wa taratibu. Kabla sijajibu, jirani wa kulia akatuonya kutoka dirishani kwamba ndege wa porini ni nyara za serikali, na kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani. Kama ni wa porini au wametoroka bandani kwa mtu, hakuna aliyejua. Sufuria, hata hivyo, ilirudi kwao haraka sana.

Nilimwita mjumbe ili anipokee mzigo huu. Alifika, akawahesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu, akaandika daftarini, "Kanga sita, kwa Baba Zuhura," kisha akaniambia, "Mzee wangu, hakikisha hawapungui." Hivyo nikawa mlinzi wa mali nisiyoimiliki, nisiyoruhusiwa kuila wala kuifukuza.

Juzi jioni walipanda mwembeni watano. Nilichukua tochi, nikazunguka vichochoroni nikiulizia kanga, hadi jirani wa kushoto akaniuliza, "Si ulisema si wako?" Nilimkuta wa sita saa nne za usiku, nyuma ya tangi langu la maji, amejikunja kwenye majani makavu, akinitazama kama mgeni asiyepiga hodi. Chini yake kulikuwa na mayai kumi na manne.

Kuku hukalia mayai siku 21, kanga hukaribia 28, na daftari la mjumbe, kwa jinsi nilivyoliona, bado lina kurasa nyingi.