Mpima Ardhi wa Machame

Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, lakini ukiupiga kwa lenzi pana unatoka kama kichuguu. Wengi hurudi nyumbani na picha ya anga tupu na majani, na katikati kuna kanundu keupe: "Ule ndio mlima." Dawa yake ni kurudi nyuma sana, kisha kuvuta kwa lenzi ndefu, mpaka mlima usimame juu ya kitu kilicho karibu. Na hicho kitu cha karibu lazima kiwepo. Mti, ng'ombe, jiwe, chochote. Bila hivyo jicho halina pa kuanzia safari.

Mimi changu nilikipata Machame: safu ya mimea ya masale kando ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, na nyuma yake, ukibahatika, Kibo, kilele chenyewe. Mchana mlima ule hujifunika mawingu, ukitaka kuuona uuvizie alfajiri au jua likikaribia kuzama. Kwa upande huo jioni ndiyo tamu, jua linaupiga ubavuni.

Nikafika kwa bodaboda. Baridi ya kule haina adabu, dereva akanihurumia, akaniazima kizibao chake cha njano chenye mistari ya kung'aa. Nikatega stendi ya miguu mitatu, nikainama kukagua kipovu cha pimamaji, maana picha ikilala upande hata theluji haiiokoi. Halafu nikamtuma dereva asimame na fito kwenye isale la mwisho, niseti fokasi.

"Kushoto kidogo! Rudi! Hapo hapo, usitikisike!"

Nikafumba jicho moja. Nikaandika kwenye daftari: 11. Ni tundu la lenzi, ili cha karibu na cha mbali vyote vitoke vizuri.

Sasa kwa asiyejua, kwa Wachaga isale ndilo mpaka wa shamba, tangu enzi ambazo bikoni, lile jiwe la wapima ardhi, haijajulikana. Haliguswi ovyo.

Bibi mmoja akatokea migombani, mundu mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna, Bibi. Napiga mandhari tu."

"Mandhari ya nani? Hapa ni kwa marehemu mume wangu!"

Ng'ambo ya masale mzee akainuka kutoka kwenye kigoda, kata ya mbege mkononi. "Muache apime! Nimeisubiri siku hii!" Akaja, akachungulia daftari langu, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Hatua kumi na moja! Ndizo alizoniibia!"

Dakika chache tu, watu wakajaa. Mwenyekiti wa kitongoji akafika akitweta, akadai barua ya utambulisho. Nikaeleza habari ya mwanga wa jioni. Akaniuliza mwanga huo unaingia kiwanja namba ngapi. Na dereva wangu, masikini, kasimama palepale na fito lake, si nilimwambia asitikisike?

Hapo wingu likapasuka. Kibo yote nje, rangi ya waridi. Nikasahau nilipo.

"Unaonekana!" nikapayuka. "Uko juu kabisa!"

"Mmesikia?" mzee akaruka. "Mtaalamu kasema! Mpaka uko juu!"

Bibi akanyanyua mundu. Mimi nabonyeza tu, ka, ka, ka, maana huku kwetu jua likianza kuzama halimsubiri mtu. Mara giza.

Tukaitazama kwenye kioo cha kamera, vichwa vimebanana. Mlima umekaa theluthi ya juu, safi, haujalala hata chembe. Chini yake mundu uko hewani, mdomo wa mzee wazi, na kofia ya mwenyekiti imemeza nusu ya masale yangu. Aliyetoka vizuri kuliko wote ni dereva, na fito lake.

"Kuza," akasema Bibi.

Nikakuza theluji.

"Siyo huko! Mlima si naamka nao kila siku? Kuza hapa chini." Akagusa kioo kwa kidole chenye utomvu wa mgomba. "Hili isale, liko kwa nani?"

"Liko kwangu!" akadakia mzee.

"Huna macho. Angalia kivuli kimelalia wapi!"

Mwenyekiti akatoa kalamu mfukoni. "Kijana, hiyo utaisafisha nakala mbili. Moja ya kwangu, moja ya faili la mgogoro."