Nyuzi za joto na kihenge cha Ugogo

Mwaka 2017 Ellie Highwood, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi la kroshia ambalo kila mstari wake ni mwaka mmoja, na rangi ya uzi inafuata joto la dunia la mwaka huo. Mwaka uliofuata mwenzake, Ed Hawkins, akatoa michirizi yake ya bluu na nyekundu, kila mchirizi ukiwa joto la mwaka mmoja, ambayo sasa watu huivaa hadi kwenye tai. Akina mama wa Dodoma wanaofuma vitambaa vya makochi wangeifanya kazi hiyo bila kufundishwa na mtu. Ninachojiuliza ni kama ingetufaa.

Wanaoipenda sanaa hii wana hoja nzito. Grafu huishia kwenye ripoti, lakini kitambaa hushikwa, hukunjwa, hutandikwa. Tena sisi ni watu wa kanga, tumezoea nguo inayosema. Na anayefuma hupitia kila mwaka kwa vidole vyake. Akifika miaka ya karibuni anajikuta anarudia rangi ya moto tu, mstari kwa mstari. Hilo halisahauliki upesi.

Ila tungefuma nini? Mtu wa Dodoma hahesabu miaka kwa nyuzi joto, anaihesabu kwa mvua. Tuna msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, wa milimita kama 550 hadi 600. Mvua inaweza kutimiza kiasi hicho huku ikiwa imekata wiki tatu mahindi yanapochanua. Kwenye blanketi mwaka huo ungependeza. Ghalani hakuna kitu.

Kuna kasoro kubwa zaidi, nayo ndiyo inayonisumbua. Mstari wa rangi unaonyesha hali ya hewa na kuficha mikono ya watu. Chukua njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, kati ya 1917 na 1920. Ukame ulikuwepo, lakini majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukiufuma Mtunya kwa uzi wa ukame peke yake, umeyasamehe majeshi.

Ndivyo ilivyo na afya. Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka, ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Walikula mahindi ya nyumbani. Ukame na joto huudhoofisha mhindi ungali shambani, kuvu wakapata njia. Kisha mahindi yakianikwa chini kwenye udongo na kuhifadhiwa yakiwa hayajakauka, kuvu huendelea na kazi ghalani. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Yuko msanii wa kulisimulia hili kwa mstari mmoja mwekundu? Sumukuvu haina rangi. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikaumiza ini.

Hata nguo tunayoisifu ina upande wake mwingine. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, ambao umefanyiwa utafiti wilayani Kongwa, Dodoma, kwa miongo kadhaa, huenezwa na nzi, mikono na vitambaa. Pindo la kanga linalomfuta mtoto mmoja macho kisha likamfuta mwenzake linaweza kuubeba ugonjwa. Maji yakiwa mbali, uso hauoshwi, na pindo hilo ndilo linalobaki.

Basi sikatai sanaa ya nyuzi, nakataa kuazima blanketi. Tuna vitu vilivyosukwa ambavyo tayari vimo ndani ya habari hii: mkeka wa kuanikia, kanga, kihenge cha fito. Msanii wa hapa aanzie huko, naye akubali ukweli mchungu ndani yake: kihenge ninachokipenda hakilindi mahindi kama mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Nyuzi za asili si lazima ziwe ndizo salama. Kazi itakayoficha hilo ili ipendeze itakuwa inawadanganya wanaokula mahindi hayo.

Ningependa kuona kihenge kilichosukwa nusu kwa fito na nusu kwa nyuzi za viroba vilivyochakaa, chini yake mkeka wenye mahindi yaliyochambuliwa, punje zilizovunjika na zenye ukungu zikiwa zimetengwa pembeni. Kisiwekwe ukumbini mjini, ambako watakaokitazama wananunua unga wa paketi. Kiwekwe kwenye mashine ya kusaga, Chemba au Kondoa, mahali foleni ni ndefu na mama mwenye debe ana muda wa kuuliza kwa nini zile punje zimeachwa nje.